Mutoto anatema siro, anakataa na ziwa

Pole dada, mutoto wa miezi 8 mwenye kutema siro (dawa ya maji) na kukataa ziwa anachokesha kabisa, wa kwangu alinifanyia vile hapa Kadutu, Bukavu, siku tatu nzima, kila kanga ilikuwa na madoa ya rangi ya pinki. Kijiko weka kando. Enda farmasi ununue seringi ya mililita 5, sindano wakutolee, mukalishe mutoto wima kidogo ku mapaja, usimulalishe chali, ingiza ncha pembeni, kati ya shavu na ufizi, sukuma tone tone, ameze, tena kidogo, ameze. Usimubane pua hata kama bibi anasema ndio njia ya zamani, dawa inaweza kupita ku mapafu. Na usitie dawa ndani ya biberoni (chupa ya kunyonyea) nzima, akibakisha nusu utajua namna gani amekunywa ngapi? Asali pia hapana, hajafikisha mwaka.

Ziwa, angalia pua kwanza. Ikijaa hawezi kunyonya na kupumua pamoja, tia matone ya serumu ya chumvi, panguza, ngoja kidogo, kisha umupe. Mara nyingi, kidogo kidogo, hata usiku akiwa na usingizi nusu, wangu alikubali hapo tu. Akishindwa kabisa kunyonya, ao anatapika kila kitu, ao amelegea hata kuamka ni shida, ao anashikwa na degedege, funga mulango uende kituo cha afya sasa hivi, usingojee asubuhi.