Mzungushe mtunza bustani kabla hujapatana naye bei

Mkilua wa mama yangu, mti mdogo wa maua ya kunukia, ulikatwa asubuhi moja, mie nipo kazini. Alikuja kijana kufyeka, nikampa panga, nikamwambia "safisha tu," nikatoka. Niliporudi alasiri majani yote yalikuwa yamefyekwa vizuri, lakini pembeni ya kisima kimebaki kisiki, na lile rundo la matawi linanukia vilua ua mzima. Yeye aliona kichaka. Sikumlaumu, maana sikuwa nimemwonyesha kitu.

Waliolelewa na harufu ya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, watanielewa. Mkilua hauna haraka ya kukua, na mche wake haupatikani kila pahala. Hata wataalamu wa mimea waliuacha na jina letu, Mkilua fragrans.

Tangu siku ile, mtu akija kutaka kazi ya bustani hatutaji bei mpaka tumezunguka pamoja. Namwuliza, huu mti gani? Na ule? Akiutambua mlangilangi, akajua afu na asumini ni vitu viwili, moyo wangu unatulia. Asiyejua simfukuzi, lakini kila mti usioguswa naufunga kitambaa chekundu mbele ya macho yake.

Suali langu la pili ni ndago, lile gugu sugu. Anayesema ataifyeka, bado hajapambana nayo. Mzee ninaye sasa hakujibu kwa maneno. Alichutama, akachokonoa udongo kwa ncha ya kisu, akanifungulia kiganja: viazi vitatu vidogo vyeusi, vimeshikana kwa mizizi myembamba kama uzi. "Hivi ndivyo vya kutafuta, mwanangu. Ukikata juu, chini vinakucheka." Huichimbua ndago baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na viazi vyote huvitia ndooni. Havitupi kwenye shimo la mboji, maana vitaota huko huko.

Malipo, kwangu mie, ni bora yawe ya mwezi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, majani yanaota usiku na mchana na kila mwenye ua anatafuta mtu. Ukimwacha wakati wa kaskazi kwa kuwa hapana cha kufyeka, mvua zikianza utamkuta keshachukuliwa. Na kaskazi kazi ipo tele: kumwagilia, kupogoa, kugeuza mboji. Wangu anakuja siku 2 kwa wiki mwaka mzima, na Ramadhani anaanza mara baada ya sala ya alfajiri. Semeni mapema vifaa ni vya nani na takataka zinakwenda wapi. Mie nimekataza kuchoma majani, kwa sababu moshi unaingia kwa jirani mwenye mtoto mchanga.

Maji nayo yanataka maelewano. Dada yangu yuko Jambiani, pwani ya Unguja, kwenye ardhi ya maweni, na kisima chake kina chumvi. Mtunza bustani wake wa mwanzo alimwagilia maji yale adhuhuri, jua la utosi, na ncha za majani ya mindimu zikaungua zikawa kahawia. Kwa hiyo onja maji ya kisima kabla hujampa mtu mpira, na mpangie asubuhi mapema au baada ya alasiri. Visahani vya chini ya vyungu amwage kila anapokuja. Mbu wa homa ya dengi anazaliana kwenye maji kidogo kama yale.

Mwaka huu, masika ilipoanza, nililetewa mche wa mkilua kutoka shamba. Mzee aliuchimbia shimo pale pale pembeni ya kisima, akatia samadi iliyooza, akausimikia vijiti vinne na kuufunika kuti juu kuukinga na jua. Kitambaa chekundu aliniomba mwenyewe.