Kabla hujalipia hiyo Diddy Kong Racing DS: sevu, zima, chomoa, washa

Mkuu shika hela yako kwanza. Unasema umepata Diddy Kong Racing DS, ile gemu ya mbio ya Nintendo DS (mashine ya gemu ya mkononi), ya bei chee, kaseti tupu bila boksi, na muuzaji anaapa ni orijino kwa sababu "inawaka". Hata ya kwangu iliwaka! Iliwaka vizuri tu, ikanichekea wiki mbili nzima.

Wiki mbili hizo sikuwahi kuizima DS. Nafunga kifuniko inalala, nafungua inaendelea, nikichoka naichomeka chaji. Nikamaliza dunia zake zote nne, Dino Domain, Snowflake Mountain, Sherbet Island, Dragon Forest, mabosi wote nikawapiga mara mbili mbili, vipande vinne vya hirizi vikatimia, nikamfunga bosi mkubwa Wizpig, na aliyewahi kushindana na lile linguruwe anajua hapo nimesema nini. Siku hiyo kwa furaha nikasevu nikazima kabisa. Kesho yake nawasha niingie dunia inayofuata, Future Fun Land, sevu hakuna. Tupu. Inanikaribisha kama mgeni.

Lakini kununua feki halikuwa kosa kubwa. Kosa ni kumrudia yule yule muuzaji kuomba ushauri. Akaniambia kwa sauti ya daktari bingwa, "hiyo betri ya ndani imekufa, fungua ubadilishe, kazi ndogo." Nami nikameza, maana kaseti nyingi za Game Boy kweli zilikuwa na betri ya kutunza sevu. Nikachukua wembe nikapita taratibu kwenye mshono, plastiki ikalia ka! kona ikakatika, lebo ikachanika. Ndani kuna kibao chembamba na tone jeusi la gundi, basi. Betri iko wapi? Kaseti za DS hazitumii betri kutunza sevu, hata orijino, sevu inakaa kwenye chipu! Narudi kudai hela yangu, jamaa anaigeuza geuza, "kaka hii umeshaifungua, hairudishwi." Wewe si ndiye uliyenifungulisha?? Wizi wa aina ile unasomewa, mkuu, nilikaribia kumpigia makofi.

Kwa hiyo mbele yake, KABLA ya kulipa, cheza mbio moja, sevu, zima kabisa (kufunga kifuniko siyo kuzima, nisikilize mimi), chomoa kaseti, irudishe, washa. Sevu ipo? Rudia tena. Akianza kusema ana haraka, na wewe uwe na haraka ya kuondoka. Geuza na mgongo wa kaseti pia, herufi nne za mwanzo pale nyuma zifanane na zile nne za katikati kwenye msimbo wa lebo ya mbele unaoanza na NTR. Mgongo wa yangu ulikuwa mtupu kama kichwa changu siku ile.

Uliuliza kama ni sawa na ile ya N64 (Nintendo 64, mashine ya zamani ya kuchomeka kwenye TV) ya 1997. Siyo sana, madereva Banjo na Conker hawamo, wamewekwa Dixie Kong na Tiny Kong, na ukitaka hovakrafti ianze kwa kasi unapuliza maiki kama unawasha jiko, kwa hiyo jaribu na maiki ya hiyo DS. Kucheza na watu mtandaoni sahau, seva zilizimwa 2014. Umeshamtumia huyo mtu hela au bado?