Maswali yenu kuhusu Paul Scholes

Niliandika hapa kwamba sijapata kumwona kiungo wa Kiingereza anayemfikia Paul Scholes, aliyeichezea Manchester United. Maswali yakamiminika. Nimechagua matano.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 1999 hakucheza. Alikuwa majeruhi?

Hapana, ni kadi. Kwenye nusu fainali ya marudiano kule Turin, United walitanguliwa mabao mawili na Juventus, wakageuza na kushinda 3-2. Usiku huohuo nahodha wa United, Roy Keane, alioneshwa kadi ya njano, na Scholes, aliyeingia kutoka benchi, naye akaoneshwa yake. Wote wawili wakafungiwa mechi ya fainali. Mei 22 Scholes aliwafunga Newcastle kwenye fainali ya Kombe la FA pale Wembley. Siku nne baadaye, kwenye fainali ya Ulaya mjini Barcelona, alikuwa mtazamaji wakati wenzake Sheringham na Solskjaer wakiizamisha Bayern Munich dakika za majeruhi. Medali ni yake pia, lakini mimi bado roho inaniuma nikikumbuka.

Ndiyo maana bao lake la Aprili 2008 ni la pekee kwangu. Klabu ya Barcelona ilikuja Old Trafford, uwanja wa United, kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa; beki wao Zambrotta akaokoa mpira vibaya, ukamkuta Scholes nje ya boksi. Shuti moja, wavu wa juu, mechi ikaisha 1-0. Kocha Alex Ferguson alikuwa ameahidi hadharani kwamba fainali ikifikiwa, Scholes ataanza. Akaanza kweli, Moscow, na Chelsea wakafungwa kwa penalti.

Hakuwa na mbio, hakuwa na mwili, tena ana pumu. Alifikaje huko?

Mtazame kabla mpira haujamfikia. Anageuza shingo kushoto, kulia, mara mbili tatu. Pasi inapomfika, tayari anajua nani yuko huru upande wa pili wa uwanja, basi mguso mmoja unatosha. Mtu wa namna hiyo mbio za nini? Msisahau pia kwamba alianza kama mshambuliaji: mechi yake ya kwanza, dhidi ya Port Vale mwaka 1994, alifunga mawili. Jicho la goli halikumtoka. Tafuteni bao alilowafunga Bradford mwaka 2000: Beckham anapiga kona, mpira unasafiri hadi nje ya boksi, Scholes anaupiga ukiwa hewani.

Ni kweli aliwahi kuwa na tatizo la macho?

Kweli. Mapema 2006 jicho la kulia lilianza kuona ukungu, akakosa karibu mechi zote zilizobaki za msimu. Fikiria: mchezaji ambaye silaha yake ni kuona, ndiyo inayochukuliwa! Wengi tulidhani amekwisha. Oktoba mwaka huohuo alicheza mechi yake ya 500 United, dhidi ya Liverpool, na akafunga. Msimu ukaisha kwa ubingwa.

Kwa nini aliiacha timu ya taifa ya England akiwa na miaka 29 tu?

Mwenyewe alitaja familia, nami namheshimu. Lakini Euro 2004 alisukumwa pembeni kushoto ili viungo wenzake Lampard na Gerrard wakae katikati. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa kubwa. Mechi 66, mabao 14, halafu basi. Kukaba alikuwa hajui, hilo silipingi. Mwaka 1999 alitolewa kwa kadi nyekundu Wembley dhidi ya Sweden.

Hadithi ya viatu vya dukani ni ya kweli?

Ni ya kweli. Alistaafu 2011, kisha Januari 2012 akakubali kurudi kwa siri. Kwa kuwa habari haikutakiwa kuvuja, hakuomba viatu kwa kampuni iliyokuwa ikimpa. Aliingia duka la kawaida la michezo akajinunulia. Akaingia uwanjani dhidi ya Manchester City kwenye Kombe la FA, jezi namba 22 badala ya 18 yake. Siku sita baadaye, Old Trafford, Bolton wakachapwa 3-0. Bao la kwanza lilikuwa la Scholes.