Maswali na majibu: rangi na usajili katika futiboli ya vyuo Marekani

Tangu nilipogusia futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ile ya mpira wa umbo la yai unaobebwa mikononi, siyo kandanda yetu, maswali yamemiminika, mengi yakihusu rangi na usajili wa wachezaji. Nayajibu matano leo.

*Nimesikia kwamba mechi moja tu ya mwaka 1970 ndiyo iliyowafanya Chuo Kikuu cha Alabama waanze kusajili weusi. Ni kweli? (Msomaji, Arusha)*

Nusu yake ni kweli. Septemba 12, 1970, timu ya USC, chuo kikuu cha Los Angeles, ilikwenda Birmingham, mji wa jimbo la Alabama, ikawachapa Alabama 42–21. Sam Cunningham, kijana mweusi, alikimbia na mpira yadi 135 na kufunga mara mbili. Mwenzake Clarence Davis, mweusi pia, alizaliwa Birmingham hiyo hiyo. Hebu fikiria: mtoto wa mji anarudi nyumbani kuifunga timu isiyokuwa na nafasi kwa mtu wa rangi yake.

Lakini mwaka uliotangulia, wanafunzi weusi wa Alabama walikuwa wamemshtaki kocha wao, Bear Bryant, kwa kutosajili weusi, wakitetewa na wakili kijana, U. W. Clemon. Na siku ya mechi ile, Wilbur Jackson wa Ozark alikuwa tayari ameshasajiliwa na Alabama kwa skolashipu, yaani ufadhili wa masomo. Hakucheza kwa sababu kanuni za wakati huo ziliwazuia wanachuo wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa. Alitazama kutoka jukwaani.

Kipigo kile kiliwafunga midomo mashabiki waliokuwa wakipinga weusi kusajiliwa. Mwaka 1971 John Mitchell akawa mweusi wa kwanza kuichezea Alabama. Alikuwa mtoto wa Mobile, ndani ya jimbo, lakini alikuwa akicheza chuo kidogo cha Arizona. Bryant alimkimbilia baada ya kusikia kwamba kocha wa USC, John McKay, anamtaka. Inaniuma kwamba sifa zote huenda kwa kocha na kwa mechi, na wale wanafunzi waliothubutu kwenda mahakamani hakuna anayewataja.

*Basi nani alikuwa mweusi wa kwanza katika ligi ya vyuo vya Kusini mwa Marekani, wanakocheza Alabama? (Msomaji, Nakuru)*

Ligi yenyewe inaitwa SEC, na waliotangulia walikuwa wawili: Nate Northington na Greg Page, waliosajiliwa pamoja na Chuo Kikuu cha Kentucky. Walilala chumba kimoja. Agosti 1967 Page aliumia shingo mazoezini akapooza. Alifariki Septemba 29. Kesho yake, Septemba 30, Northington aliingia uwanjani dhidi ya Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, akawa mweusi wa kwanza kucheza mechi ya futiboli ya SEC. Alicheza dakika chache tu, bega likateguka. Wiki chache baadaye aliondoka chuoni, lakini aliwasihi weusi wawili waliomfuata, Wilbur Hackett na Houston Hogg, wabaki. Walibaki, na Hackett akaja kuwa nahodha. Mwaka 2016 chuo kilisimamisha sanamu ya wote wanne. Mimi nikisoma habari za kijana huyu aliyeingia uwanjani siku moja baada ya kufiwa na mwenzake wa chumba, huwa nafunga kitabu kwanza.

*Kabla ya hapo, vijana weusi wa Kusini walikwenda wapi? (Msomaji, Mombasa)*

Wengi walikwenda vyuo vya watu weusi. Kule Grambling, Louisiana, kocha Eddie Robinson alifundisha tangu 1941 hadi 1997, akashinda mechi 408 na kupeleka wachezaji zaidi ya 200 kwenye futiboli ya kulipwa. Wengine walipanda Kaskazini. Chuo cha Michigan State cha kocha Duffy Daugherty kilimchukua Bubba Smith kutoka Beaumont, Texas, na George Webster kutoka South Carolina. Vyuo vikubwa vya Kusini vilipofungua milango, vilichukua vijana bora wa Grambling na wenzake bila kuwalipa chochote wale waliowalea miaka yote.

*Kwa nini weusi walikuwa wakinyimwa nafasi ya kwotabeki? (Msomaji, Kigoma)*

Kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, na makocha wengi waliamini kwamba mweusi ana miguu ila hana kichwa cha kazi hiyo. Walimsajili kama kwotabeki, kisha wakamhamisha. Warren Moon alikataa kuhamishwa. Alipitia chuo kidogo kwanza, kisha akaiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl ya 1978, mechi kubwa ya mwanzo wa mwaka.

*Mwanangu ana miaka 16, tuko Ohio, na makocha wameanza kumwandikia. Niangalie nini? (Mama, Columbus)*

Dada yangu, kocha atakuja sebuleni kwako na maneno matamu. Mpokee vizuri, kisha muulize. Mwanangu atacheza nafasi gani, na nani aliamua? Katika wachezaji weusi uliowasajili, wangapi walipata shahada? Skolashipu ni ya mwaka mmoja au hadi amalize? Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa hiyo karatasi yoyote isomwe na mwanasheria wako, siyo wa chuo. Na muulize akiumia nani atalipa hospitali, na kwa miaka mingapi. Jibu la hilo ulitake kwa maandishi.