Pesa ikikauka, uanze kuuza nini?

Dada, umeuliza kati ya vikombe vya picha, tisheti na kalenda uanze na nini kuuza kwa WhatsApp hapa Lubumbashi, wakati huu wa shida. Kalenda achana nazo kabisa: ikifika Februari, zilizobaki ni karatasi tu.

Mimi ningeanza na tisheti, lakini si za maneno ya kuchekesha. Watu wakikosa pesa wanaacha mapambo. Kilio na harusi hawaachi. Familia yenye msiba inaagiza tisheti za picha ya marehemu nyingi kwa mara moja, tena bila kuchagua sana. Naomba tu uwahudumie kwa heshima, usiwapandishie bei wakiwa na machozi.

Angalia kitambaa vizuri. Uchapaji wa sablimesheni, ule wa kuhamisha picha kutoka karatasi kwa joto, haushiki kwenye pamba wala kwenye rangi nyeusi, unataka poliesta nyeupe. Wengi wanapoteza mtaji hapo.

Usichape kitu bila oda, na uchukue nusu ya malipo mbele kwa M-Pesa au Airtel Money. Ukinunua tisheti tupu kwa dola, piga bei kwa dola, franga ikishuka usiumie.

Vikombe vingoje. Vinavunjika sana njiani kutoka Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia.