CRP kupanda si lazima iwe TB
Mtu mwenye VVU akipimwa damu na CRP ikawa 38, je, tayari ana TB? Hapana, CRP ya 38 peke yake haithibitishi TB. CRP ni protini inayotolewa na ini mwili unapopambana na maambukizi. Hata nimonia au jipu tu huipandisha. Niko maabara, tunaliona hilo kila siku. WHO tangu 2021 inakubali itumike kuchuja wenye VVU wanaohitaji kupimwa TB: ikizidi miligramu 5 kwa lita, mgonjwa apimwe makohozi kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB, na jibu la TB litoke huko. Ila ikiwa chini ya 5 na bado anakohoa, analowa jasho usiku, suruali zinampwaya, apimwe vilevile. Makohozi hayatoki na CD4 (chembe za kinga) ziko chini? Ulizieni kipimo cha TB cha mkojo, LAM.