Barabara ikiisha, kibarua anabaki na nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Buigiri, wilaya ya Chamwino. Nilifanya kazi miezi saba kama saidia fundi kwenye barabara ya mzunguko wa nje ya Jiji la Dodoma, upande wa Ihumwa. Makalavati yalipokwisha tukaambiwa tusirudi, nami nikarudi kijijini. Baba yangu mdogo anasema mabilioni yale yangegawiwa vijana kama mitaji tungekuwa mbali, na kwamba ajira za miradi ni kiini macho. Mimi naona bila mradi nisingepata hata hiyo miezi saba. Wewe umekaa na hesabu za ujenzi miaka mingi. Kitaalamu, serikali ikimwaga fedha kwenye barabara, reli na majengo ili watu wapate kazi, inalipa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kurudi nyumbani mikono mitupu. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kwa miaka 23 kazi yangu imekuwa kuhesabu kila mfuko wa saruji, kila lita ya dizeli na kila siku ya kibarua kabla mradi haujaanza, kisha kuhesabu tena wakati wa kulipa. Nitakujibu kwa hesabu hizo, na naomba umsomee na baba mdogo, maana hoja yake ina uzito kuliko unavyoiona.

Inalipa, ila ni mara chache inalipa kwa sababu ya ajira ya aina uliyoipata wewe.

Barabara yenu ina urefu wa kilomita 112.3, njia nne, na ujenzi wake ni wa mitambo. Katika kila shilingi 100 ya barabara ya lami ya namna hiyo, ujira wa watu walioshika koleo na toroli mara nyingi hauzidi sana shilingi 10. Nyingine zinakwenda kwenye lami na dizeli, ambazo zote tunaagiza nje, kwenye greda, vijiko na mashindilia, vipuri, bima, riba za benki na faida ya mkandarasi. Saruji tunatengeneza wenyewe Tanga, Dar es Salaam na Mtwara, na kokoto tunapasua hapahapa, kwa hiyo hizo zinaacha kitu nchini. Lakini sehemu kubwa ya fedha inapita Dodoma kama lori la transiti: inatimua vumbi na kuendelea na safari.

Wachumi wana kipimo cha jambo hili, wanakiita kizidisho. Richard Kahn wa Cambridge alikiandikia mwaka 1931, wakati Uingereza imejaa watu wasio na kazi, na John Maynard Keynes akakijengea nadharia yake mwaka 1936. Chukua mfano wako mwenyewe. Umelipwa shilingi 10,000. Ukatumia 5,000 kwa mama lishe, kodi ya chumba na bodaboda. Wao wakatumia nusu ya hiyo, 2,500, kwa unga, mkaa na mboga za hapahapa. Muuza unga naye akatumia 1,250. Ukijumlisha mzunguko huo hadi uishe, 10,000 yako imezaa mapato ya 20,000. Sasa badilisha kitu kimoja tu: kati ya 10,000, zinazobaki mtaani kila mzunguko ziwe 2,000 badala ya 5,000. Jumla inashuka hadi 12,500. Mradi ni uleule, bajeti ni ileile, tofauti ni tundu la kuvujia. Kwa hiyo mtu akisifia kwamba mradi umegharimu mabilioni mangapi, hajasema lolote kuhusu ajira mpaka akuambie mabilioni hayo yalinunua nini, na kwa nani.

Hata hesabu ya watu inahitaji jicho kali. Ukisikia "mradi umezalisha ajira 5,000," uliza ni za siku ngapi. Kwenye daftari la saiti nimeona jina moja limeandikwa Machi, likaondoka, likarudi Juni, likaondoka tena, na kwenye ripoti ya mwisho likahesabika kama watu wawili. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Ndivyo fomu zilivyo. Mimi nahesabu siku-kazi. Miezi yako saba, kwa siku 26 kila mwezi, ni siku-kazi 182. Mwenzako aliyebeba zege wiki mbili ana 12. Kuwaita wote "ajira moja moja" ni kuwakosea wote wawili.

Baba mdogo yuko sahihi pia kwamba fedha ya serikali haitoki hewani. Ikitoka kwenye kodi, kuna mwenye duka pale Majengo ambaye angeitumia kwa jambo jingine, labda angeajiri kijana wa pili. Ikitoka kwenye mkopo, mtoto wako ataulipa. Swali la kitaalamu basi ni hili: yule uliyemchukua kwenye mradi, angekuwa anafanya nini siku hiyo? Nakumbuka baada ya mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa nguvu, fundi mzuri wa marumaru alitafutwa kwa tochi. Ofisi, hoteli na nyumba za watumishi vilijengwa kwa pamoja, na kila mradi uliofunguliwa ulimnyang'anya mwenzake mafundi. Wakati kama huo shilingi mpya ya serikali inapandisha bei ya fundi kuliko inavyoongeza idadi ya wenye kazi.

Vibarua ni habari nyingine, hasa huku kwetu katikati ya nchi. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Uwele na mtama vikishavunwa, kuanzia Juni hadi Novemba mikono mingi Chamwino, Bahi na Mpwapwa haina la kufanya shambani. Ukimwajiri mtu Agosti kuchimba mtaro hujamtoa kwenye lolote, na kilichojengwa ni faida tupu juu ya mavuno. Ukimwajiri Januari umemtoa shambani, na njaa ya mwaka unaofuata hutaiona kwenye vitabu vya mradi. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, kwenye ajira za muda kwa kaya maskini wameweka hadi siku 60 kwa mwaka, nami ningetaka kila anayepanga ujenzi mkoani hapa aziweke siku kama hizo kwenye kiangazi. Inaniuma kuona mkataba wa barabara ya kijijini umesainiwa Oktoba, vibarua wanaitwa Desemba, na mvua inakula kazi na shamba kwa pamoja.

Nipe nafasi nikuonyeshe hesabu ya mtaro, maana hapo ndipo ninapoona tunapoteza kazi nyingi bila sababu. Mtaro wa kilomita moja, upana mita 1 na kina sentimita 60, ni mita za ujazo 600. Kijiko kitaumaliza kwa siku chache, na dereva wake na msaidizi. Kwa mkono, mtu mmoja kwenye udongo wa wastani anatoa kama mita za ujazo tatu kwa siku akipewa kazi ya ngwe, yaani kipimo chake akimaliza anaondoka. Hiyo ni siku-kazi 200. Watu 20 wanaumaliza kwa siku kumi. Ukilinganisha gharama, kukodi kijiko, kukisafirisha kwa loboi, lile lori la kubeba mitambo, kutoka mjini na dizeli yake havipo mbali na ujira wa wale 20, na kwa kipande kifupi kilichoko mbali vibarua huwa nafuu. Ujira huo wote unabaki kijijini.

Hili tunalijua zamani. Kenya walianza mpango wa barabara za vijijini kwa nguvu za watu mwaka 1974, na sisi tulikuwa na chuo cha ATTI Mbeya kikifundisha njia hiyohiyo. Katika barabara ya changarawe iliyojengwa hivyo, ujira unaweza kuchukua shilingi 30 hadi 60 katika kila 100. Lakini usinielewe vibaya. Siombi reli ya SGR ichimbwe kwa majembe. Tabaka la chini la barabara itakayobeba malori ya tani nyingi linahitaji shindilia zito, na umati wa watu hauwezi kulifikisha kwenye kiwango. Barabara ikitengenezwa vibaya ili watu wengi waguse koleo, itabomoka baada ya masika mbili, na umewaibia wote. Mitaro, makalavati madogo, kingo za mawe, kusafisha njia na kupanda majani kwenye kingo ndizo kazi za mikono. Ni nyingi ajabu ukizijumlisha.

Sasa tuje kwenye ajira ambayo haipo kwenye daftari la saiti, ile inayobaki.

Nenda Kongwa, si mbali na kwenu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta pale mradi wa karanga. Waliahidi mafuta ya kula kwa Waingereza waliotoka vitani, na ajira kwa maelfu. Na kweli waliajiri, watu walitoka mikoa ya mbali. Walileta matrekta, wakajenga nyumba, wakavuta mchepuko wa reli kutoka Msagali. Kusini walijenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Hawakuijua ardhi. Udongo ule wa kiangazi unakauka kama zege, na mvua haitoshi. Mwezi Januari 1951 mradi ukafutwa, pauni kama milioni 36 zikiwa zimeteketea. Siku-kazi zilikuwepo kwa wingi, ujira ulilipwa, mama lishe wa enzi hizo waliuza. Kisha ikaja siku watu wakarudi kwao na reli ikabaki bila mzigo. Leo mchepuko ule haupo.

Katika wilaya hiyohiyo ya Kongwa kuna Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Morogoro. Pale kuna soko la mahindi ambalo malori hulifuata kutoka nje ya mkoa na hata nje ya nchi. Barabara ilikuwepo, mahindi yalikuwepo, soko likawekwa pale viwili hivyo vinapokutana. Hesabu wapakiaji, wapimaji, wenye mashine za kusaga, mafundi wa matairi, wenye nyumba za kulala wageni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuandikwa kwenye ripoti ya ajira ya mkandarasi wa barabara. Hao ndio ninaowatafuta ninaposoma andiko la mradi. Nikikuta ukurasa mzima unaeleza ajira za wakati wa ujenzi na mistari miwili tu ya mzigo utakaopita, napata wasiwasi.

Na unapohesabu ajira zinazobaki, toa zilizohama. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, abiria wengi walitoka kwenye mabasi. Faida yake kubwa ni saa zilizookolewa na mzigo utakaoshuka gharama. Kondakta aliyepunguziwa safari lazima awemo kwenye hesabu, la sivyo tunajidanganya.

Kuhusu kugawa mitaji: halmashauri tayari zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Ila mwambie baba mdogo ajaribu kukopesha vijana wafuge kuku katika kijiji ambacho gari haliingii kuanzia Januari hadi Aprili. Mtaji na barabara si wapinzani. Kosa ni kuvipanga kama kimoja kinakula kingine, wakati mpinzani wa vyote viwili ni mradi usio na mzigo.

Kuna ugonjwa mmoja unaoua ajira za ujenzi kuliko yote niliyoyataja, nao ni kuchelewesha malipo. Miaka ya nyuma nilisimamia jengo la ofisi ya umma ambapo cheti cha malipo, yaani hati ya kumlipa mkandarasi kwa kazi aliyokwisha kuifanya, kilikaa mezani miezi kumi na moja. Mkandarasi alikuwa mzawa, kampuni ndogo ya watu wanaojua kazi. Alikopa benki kulipa vibarua, riba ikamzidi, akaanza kuwapunguza: kwanza wasaidizi, kisha waashi, mwisho mlinzi. Jengo lilikuja kukamilika na kampuni nyingine. Ile ya kwanza haipo tena, na watu zaidi ya sitini aliokuwa nao walitawanyika. Serikali ilitumia fedha ileile, tena ikaongeza riba ya ucheleweshaji, na ikaua ajira zilizokuwa zimeshasimama. Ningeulizwa jambo moja la kurekebisha kesho asubuhi, ningesema lipeni vyeti kwa wakati, hata kama maana yake ni kuanza miradi michache zaidi.

La pili lingekuwa matengenezo. Kufungua barabara mpya kuna utepe na picha. Kuzibua kalavati hakuna. Lakini matengenezo yanarudi kila mwaka, hayahitaji mitambo mikubwa, na yanafanyika palepale mtu anapoishi. Kilomita moja inayosafishwa mitaro kabla ya mvua inamwepushia mlipakodi gharama ya kuijenga upya.

Na hapo ndipo ninapokuona wewe. Una siku-kazi 182 kwenye makalavati, na huo ni ujuzi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini bila kukaa darasani. Nenda chuo chao hapa Dodoma uulize zamu ya upimaji wa uashi. Tafuta na wenzako mliokuwa nao Ihumwa, muunde kikundi, mkisajili kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hutumia vikundi kwenye matengenezo ya barabara. Zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, kwa hiyo kikundi lazima kiwemo mle kabla kazi hazijatangazwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mkikamilisha usajili kufikia Mei, mtakuwa tayari kazi za kiangazi zikianza kutoka, na mitaro ya kwenu izibuliwe kabla ya Desemba.

Mpe baba mdogo salamu zangu. Akiwa bado hajaridhika, aniandikie mwenyewe, ila aje na hesabu ya mradi mmoja anaoujua, tuipitie mstari kwa mstari.